Black Sails, sehemu ya IV: Walrus inapolazwa ubavu

Aliyezoea kuona majahazi yakipwelezwa Nungwi, au pale Malindi ya Unguja mjini kwenye bandari ya majahazi, akiangalia sehemu ya nne ya tamthilia ya Black Sails kitu cha kwanza atakachokikosoa ni kamba. Merikebu nzima ya maharamia inavutwa kwa makapi (magurudumu ya kupitishia kamba) mpaka ilale ubavu ili isafishwe chini, watu wanahema, na bahari iko palepale mbele yao. Si wangengoja maji yakupwe tu? Hapana, wasingeweza, na sababu yake ndiyo inayoifanya sehemu hii iwe bora kuliko zote za msimu wa kwanza kwa anayejua vyombo.

Kwa ambaye bado hajaianza: tamthilia hii ya kituo cha Starz cha Marekani ilianza kuonyeshwa Januari 2014 na ikamalizika 2017, misimu minne, sehemu 38, kila moja ikiitwa kwa namba ya Kirumi tu. Ilipigwa picha Cape Town, lakini hadithi iko Nassau, kisiwa cha New Providence huko Bahamas, mwaka 1715. Wamo maharamia waliokuwepo kweli, kina Charles Vane, Jack Rackham na Anne Bonny, wamechanganywa na wa kubuni. Nahodha Flint (Toby Stephens) anaiwinda Urca de Lima, merikebu ya Hispania yenye hazina. Sehemu ya IV inamkuta na shida moja: merikebu yake, Walrus, ni nzito, na yeye anataka mwendo.

Hapo waandishi hawakukosea. Chombo cha mbao kikikaa majini miezi michache, chini kunaota majani na kunaganda magamba makali, na chombo kinaanza kwenda kama kinaburuta zulia. Wapo pia wadudu wanaotoboa mbao kwa ndani, ambao ni hatari zaidi kwa sababu ubao unaonekana mzima mpaka siku unapobonyea. Kufunika chini kwa mabati ya shaba kulikuwa bado; wanamaji wa Uingereza walikuja kulijaribu miaka ya 1760. Mwaka 1715 dawa ilikuwa kukwangua, kuchoma na kupaka, na haramia, ambaye hana bandari ya kumpokea, lazima afanye kazi hiyo kwenye ufukwe wa kujificha, na aifanye upesi.

Sasa turudi kwenye kamba. Kwetu bahari ndiyo winchi. Bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, likiwa kubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa Unguja na Pemba inakaribia mita 4, na kwa bahati nzuri saa zenyewe zinafaa: siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na hukupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Jahazi linasogezwa ufukweni likiwa linaelea, linafungwa omo na tezi (mbele na nyuma), na maji yanapoondoka linapigwa gadi, nguzo za kuegemeza, ubavuni ili lisiangukie upande usiotakiwa. Fundi anapata saa tano au sita za mchana mweupe kabla maji hayajarudi kumgusa magoti. Nassau je? Tofauti ya maji ni kiasi cha mita 1, na siku nyingi haifiki. Merikebu yenye mizinga, ambayo sehemu yake ya chini imezama mita 3 hivi, ungeingoja mwezi mzima isionyeshe mkuku wake, boriti ya chini kabisa. Kwa hiyo lazima ivutwe kutoka kwenye vichwa vya milingoti. Mlingoti unakuwa wenzo: mrefu, na ncha yake ikishuka, tumbo la chombo linainuka.

Kabla ya kuvuta kuna kazi ambayo tamthilia inaipitia haraka, na ndiyo inayoamua mengine yote. Kila kizito kinashushwa: mizinga (mzinga mmoja wa chuma unaweza kuzidi tani 1), mapipa ya maji, baruti, risasi, nanga za akiba, na farumi, mawe ya kukipa chombo uzito, iliyoko ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Farumi ikibaki, mawe yale yanahamia upande wa chini chombo kinapoinama, na uzito wote unakwenda mahali pamoja kwa mara moja. Milingoti ya juu inashushwa. Matundu ya mizinga ya upande utakaolala yanazibwa na kukalafatiwa (kushindiliwa pamba kwenye nyufa), la sivyo chombo kinakunywa maji kikiwa kimelala. Mlingoti wenyewe unategemezwa kwa boriti kutoka sitahani, kwa sababu haukutengenezwa kuvutwa hivyo.

Jingine ambalo mtazamaji halioni kirahisi: kamba za kuvuta peke yake hazitoshi. Chombo kinapoinama kidogo, kamba zinakishusha. Kikipita kiasi fulani, uzito wake wenyewe unaanza kukipeleka, na kuanzia hapo hatari imehamia upande wa pili. Ndiyo maana manahodha wa zamani walipitisha kamba nyingine chini ya mkuku, zikashikwa upande wa pili, ili chombo kizuiwe kisiende zaidi na baadaye kisaidiwe kuinuka. Halafu kuna mteremko. Mchanga uliolowa ni utelezi. Merikebu iliyolala ubavu kwenye mteremko haina mkuku wa kuikita, na bila nanga ya upande wa baharini na kamba za omo na tezi, inaweza kuteleza kama ilivyo.

Na unafunga wapi? Ufukweni mti ulio karibu mara nyingi ni mnazi, na mnazi unadanganya. Hauna mzizi mkuu. Mizizi yake ni nyuzi nyingi kwenye mchanga. Ukiufunga juu, umeupa urefu wote wa shina kujing'oa. Kamba ifungwe chini kabisa, na mzigo ugawanywe miti mitatu au minne, au izikwe nanga nyuma yake.

Basi kazi inapoharibika kwenye sehemu hii, inaharibika pale inapostahili kuharibika. Watu wana haraka kwa sababu Urca haingoji. Kamba zinashindwa, Walrus inateleza, baharia Randall ananaswa mguu chini yake na mwenzake Morley anapoteza maisha. Hakuna adui aliyetokea wala upanga uliochomolewa. Mapigano ya tamthilia hii ni mazuri, ila mengi unajua nani atabaki hai. Hapa hujui, kwa kuwa tani za mbao hazimjui nyota wa mchezo. Tena inaeleweka bila maelezo kwamba iliyomuua ni haraka ya Flint, na mabaharia wake nao wanalielewa hivyo.

Kinachokosekana ni moto. Kukwangua pekee hakumalizi kazi. Mizizi ya majani inabaki kwenye mbao. Kwetu unawashwa mwenge wa makuti makavu na kupitishwa chini ya mbao, mwali unalamba na kuondoka. Ukikawia, pamba ya kalafati inaungua kwenye maungio, na chombo kinarudi majini kikivuja kuliko kilivyokuja. Baada ya moto fundi anagonga kila ungio, palipolegea anatia pamba iliyochovywa mafuta kwa patasi na nyundo, kisha inapakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu iliyoyeyushwa, nzito kama uji, kwa mkono na ikiwa bado vuguvugu, kwa sababu ikipoa hainati. Sifa, yaani mafuta ya papa, ni ya mbao za juu ya maji tu. Wazungu wa karne ile walitumia shahamu pia, pamoja na salfa na lami. Moto, shahamu na lami karibu na merikebu ya baruti: waandishi wangepata kisa kingine kizima hapo. Siku hizi vyombo vingi vinapakwa rangi ya dukani, lakini kukwangua kumebaki kulekule.

Tahadhari moja kwa atakayetaka kumwiga Flint kwa jahazi lake: usipandishe chombo siku ya kilele cha bamvua ukakiweka juu kabisa ya ufukwe, eti upate siku nyingi za kazi. Maji ya kesho yake hayatafika hapo, wala ya keshokutwa, na utasubiri bamvua lijalo, wiki mbili nzima. Na gadi iwekewe kipande cha ubao chini. Mchanga laini unaimeza huku unaiangalia.

Mambo ya mjini katika sehemu hii, biashara ya Eleanor Guthrie na ugomvi wa nani amuuzie nani, yanakwenda polepole na ukiinuka kuchukua chai hukosi kitu. Historia nayo imevutwa kidogo. Urca de Lima ilikuwepo kweli, na ilizama pwani ya Florida Julai 1715 pamoja na msafara wa Hispania uliopigwa na kimbunga, lakini ilikuwa merikebu ya mizigo, yenye ngozi, chokoleti na vanila zaidi ya dhahabu. Mkulima wa vanila wa Unguja angeiwinda hata hivyo.

Anza na sehemu ya I, maana bila ya ile utashindwa kuelewa kwa nini mabaharia wanamwamini John Silver, mpishi wa Walrus, hata kidogo. Na angalia peke yako au na wenzako wa rika lako. Matusi, damu na utupu vimejaa, kwa hiyo isiwekwe kwenye runinga ya sebuleni bibi akiwepo.