Nilivyozikusanya nukuu zangu zilizotapakaa

Nimechoka kusikia vijana wa maabara wakiambiwa kwamba ukitaka jina katika utafiti, hama. Hama Malindi, achana na minyoo, nenda Nairobi ukafanye saratani. Mimi pia niliambiwa hivyo, na watu wenye nia njema na tai shingoni. Sikuhama. Leo makala zangu za vipimo vya matende zinanukuliwa hadi India, na h yangu imeipita ya yule aliyenishauri kwa bidii zaidi. Nilihesabu mara mbili kuhakikisha.

Kwa asiyeijua h: ni kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa na wenzake, alichokibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005. Ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Makala moja iliyonukuliwa mara elfu, peke yake, inakupa h ya 1 tu.

Kazi ilianzia usiku, kwa sababu minyoo wa matende wa huku kwetu, Wuchereria bancrofti, wana saa zao. Watoto wao hujitokeza kwenye damu ya ngozini kuanzia kama saa nne usiku hadi saa nane, mbu wanapouma. Mchana wamejificha mapafuni. Mtoboe mtu kidole saa tano asubuhi na utaandika "hana", naye anawabeba kwa mamia.

Mkubwa mmoja akatushauri twende kijijini na makoti meupe ili watu watuheshimu. Basi fikiria: usiku wa manane, nje kidogo ya mji, gari linazima taa chini ya mikanju, wanashuka watu wenye makoti meupe na visanduku vya sindano, wanauliza damu. Neno "mumiani" lilitutangulia kabla hatujafungua meza. Milango ikafungwa. Mbwa peke yao ndio walibaki kutupokea. Ila bibi mmoja akabaki barazani kwake, nadhani kwa ushupavu tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo damu ya usiku mwaipeleka wapi?"

Nikamweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kama ni minyoo, basi aione. Tukarudi mjini na chupa tupu.

Safari iliyofuata makoti niliyaacha nyumbani, nikabeba hadubini yenye taa ya betri. Nikaanza kwa kujitoboa mwenyewe. Wa pili akajitokeza mgema, kijana wa miraba minne ambaye hajui homa ni nini. Nikaweka tone lake bichi kwenye kioo bila rangi wala dawa, na hapo wakaonekana, wakijinyonganyonga, wakizisukuma chembe za damu huku na huku. Mgema mwenyewe ndiye aliyepiga kelele kuwaita wenzake. Bibi alitazama muda mrefu kuliko wote, akauliza mbona jirani yake mwenye busha alipimwa akaonekana hana, na huyu mzima wa afya ndiye anao. Swali hilo wanafunzi wangu wengi hawajawahi kuniuliza! Ndivyo ilivyo: wengi waliokwisha kuvimba mguu au busha hawana tena watoto wa minyoo katika damu. Anayeueneza ugonjwa mara nyingi haonekani kuumwa. Foleni ya usiku ule ilitumalizia vioo.

Baadaye zikaja tepe za kupimia zinazogundua antijeni, yaani alama ambazo minyoo wakubwa huziacha kwenye damu, ambazo hazijali mchana wala usiku. Tone la kidole, unasubiri dakika 10, unasoma. Tepe na kioo mara nyingi havikubaliani, hasa tangu kampeni za dawa zianze Pwani mwaka 2002: dawa huwafuta watoto wa minyoo kwenye damu, lakini mnyoo mkubwa huweza kubaki hai, na tepe inamuona. Juu ya jambo hilo niliandika makala ndefu yenye milinganyo ya kutisha. Karibu hakuna aliyeigusa. Iliyonibeba ni nyingine, fupi, ya jinsi ya kupanga meza: kwa nini mtu mmoja awe na kazi ya kushika saa tu, kwani ukichelewa kuisoma tepe, mstari wa uongo wa "anao" hujitokeza, na usomeje kwa mwanga wa tochi. Kila timu inayokwenda kupima inahitaji kueleza ilivyopima, na hapo ndipo inapokutaja. Na kwenye kichwa cha makala weka jina la mnyoo, la kipimo na la mahali. Mafumbo waachie washairi.

Kuna waliosema nilipe majarida yale yanayokuita "Profesa Mtukufu" kwa barua pepe. Bei yake unanunua mbuzi na chenji inabaki, na hakuna anayeyasoma.

Sasa nukuu zenyewe. Sisi huandika jina, la baba, la babu. Jarida moja lilifanya la babu kuwa ukoo, jingine la baba, la tatu likanigeuza kutoka Mohamed kuwa Muhammad. Nikawa watu kadhaa, wote fukara wa nukuu, na mmoja wetu kachanganywa na daktari wa moyo. Nikachukua namba ya ORCID, ile ya tarakimu 16 inayomtambulisha mtafiti mmoja tu hata jina likiandikwa vipi, bure. Kisha kwenye Google Scholar, inayohesabu nukuu za kila mtafiti, nikaunganisha makala zangu moja moja, na ya moyo nikamrudishia mwenyewe, ingawa ilikuwa na nukuu nyingi na iliniuma. Scopus, hifadhidata nyingine ya nukuu, wana fomu yao, ukaijaze.

Usishangae namba zikitofautiana. Scholar huhesabu hata tasnifu na ripoti, Scopus huchagua. Kamati ya kunipandisha cheo ilishangaa sana. Wakataka orodha zote mbili, zimepigwa chapa, kila ukurasa na muhuri. Nikapeleka bahasha nene. Juzi wamenipigia: nukuu hazina tatizo, ila kwenye kitambulisho changu Mohammed ina m mbili katikati.