Mionzi niliiweza, washauri ndio walionitoa jasho

Hivi ndivyo vitu nilivyoambiwa nipake, ninywe au nijifukize nilipokuwa kwenye mionzi ya saratani ya ziwa: manjano na mafuta ya nazi, liwa, shubiri mbichi, asali, ubani, majivu ya kifuu, madafu kila asubuhi "yatoe moto", na vidonge vya kusafisha damu ambavyo muuzaji wake alikuwa radhi kunikopesha. Katika washauri wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kulala chini ya ile mashine. Waliowahi kulala, yaani kinamama wenzangu wa foleni ya Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, walikuwa na maneno machache: usisugue, usijibane na nguo, kula hata kama hutaki.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kigamboni. Uvimbe ulikuwa ziwa la kushoto. Wakautoa pamoja na tezi za kwapani, ziwa lenyewe likabaki. Nikapigwa dripu za kemo, nywele zikaondoka, zikarudi, ndipo nikapelekwa mionzi. Ukimaliza kemo kila mtu anakwambia mionzi ni rahisi, unalala tu, haiumi. Ni kweli, pale kitandani haiumi. Unalala dakika chache, mashine inakuzunguka ikiunguruma, unaambiwa shuka. Kinachouma kinakuja baadaye, kidogokidogo, ukiwa umeshaanza kujisifu.

Kabla ya kuanza wanakupima, na hapo ndipo nilipowapenda wale mabinti wa mashine. Nimepima watu tangu usichana wangu, namjua mtu anayekadiria kwa macho. Wale hawakadirii. Unapigwa picha ya CT, unalazwa mkono umeinuliwa juu ya kichwa, taa nyembamba zinapita kifuani, wanachora alama za wino, na kila siku wanakusogeza kidogo huku na kidogo kule mpaka mistari ikae palepale. Alama hizo huruhusiwi kuzifuta. Sasa fikiria joto la Dar, jasho, na wino kifuani. Nilioga kwa kopo, maji vuguvugu, nikiyamwaga polepole, sabuni isiyo na manukato naipaka kwa kiganja, dodoki nikalisahau. Kujikausha ni kugusagusa na kipande cha kanga kuukuu. Kanga mpya bado ina wanga, haifyonzi maji, inakwaruza tu.

Wapo wanaopewa dozi 15 kwa wiki 3, wapo wa dozi 25 kwa wiki 5, Jumatatu mpaka Ijumaa. Daktari ndiye anayejua nani ni wa wapi. Mimi niliangukia kundi la safari ndefu, na kwa kuwa walipiga mpaka juu ya mtulinga, koo nalo likapata fungu lake.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Nilishona nguo za harusi ya watu. Ya pili ngozi ikaanza kuvuta na kupata joto. Karatasi ya maelekezo niliyokuwa nayo ilisema ngozi itakuwa nyekundu. Ngozi yangu haijawahi kuwa nyekundu tangu nizaliwe! Yetu inageuka nyeusi ti, inaelekea zambarau, kama kitambaa kilichoachiwa pasi ya moto. Ukisubiri wekundu utasubiri mpaka ngozi ichubuke. Weka mgongo wa kiganja: kama ziwa moja lina moto kuliko lenzake, linawasha, linavuta, hapo kumeshaanza, waambie hospitali siku hiyohiyo. Mwenzangu mmoja wa foleni alitibiwa ziwa la kwanza miaka ya nyuma kwa mashine ya kobalti, kabla Ocean Road haijaanza kutumia LINAC, mashine za kisasa zaidi za mionzi, mwaka 2018. Alinifunulia kifua nione. Nikaacha kulalamika kwa siku nzima.

Sasa kabichi.

Ushauri huu ulitoka kwa jirani yangu aliyekuwa amemwachisha mtoto. Yeye maziwa yalipomjaa aliweka majani ya kabichi baridi ndani ya sidiria, uvimbe ukashuka. Akaniangalia mimi, akaona ziwa limevimba na lina joto, akapiga hesabu zake. Sikuona ubaya, kabichi si dawa ya kunywa, na friji ninayo. Asubuhi nikachagua jani la ndani, jeupe, nikaliviringishia chupa ya soda mpaka uti wake ukalainika, nikalivaa. Mpaka nafika kivukoni nilikuwa malkia. Ubaridi ule! Nikaanza kuwaza kuwabebea wenzangu wa foleni kichwa kizima.

Lakini kabichi ni mboga, na mboga ikipata joto inaiva. Ndani ya pantoni tumesimama bega kwa bega, jua la saa mbili limeshakolea, harufu ikapanda. Kwanza nilidhani kuna mtu amebeba chakula, nikamtazama mama mmoja mwenye hotipoti kwa jicho la lawama. Halafu jani likalegea. Sikuwa na sidiria, nilikuwa nimejifunga mtandio tu, basi likateleza tumboni, likashuka ndani ya dera, likatua juu ya kandambili yangu. Kijana mwenye baiskeli akaniambia kwa adabu zote, "Mama, shikamoo, umeangusha mboga." Nikaitikia marahaba, nikasema si yangu. Akaliokota, akaliinua juu, akaanza kumtafuta mwenyewe. Watu wakakagua mifuko yao! Yule mama wa hotipoti akanirudishia jicho langu.

Kucheka kuliishia pale. Maji ya kabichi yalibaki chini ya ziwa, na unyevunyevu kwenye mkunjo ndio adui mkubwa wa ngozi iliyopigwa mionzi. Nesi alinifuta, akanusa, hakuuliza chochote. Alisema tu, "Mama yangu, hapa tunataka pakavu." Liwa nayo niliikataa kwa sababu ya kinyume chake: ikikauka inapasuka, na kuitoa lazima usugue. Asali na shubiri sikuzigusa. Nilichopaka ni losheni isiyo na harufu niliyoandikiwa, baada ya mionzi na usiku, si kwenda kulala chini ya mashine umeng'aa kama andazi. Vidonge vya kusafisha damu nilimwonyesha daktari, akanikataza. Mionzi inaua seli za saratani kwa kuziharibu, na vidonge vya aina ile vyenye vitamini nyingi kupita kiasi vinaweza kuzikingia seli hizohizo tunazozipiga. Muuzaji alinuna mpaka leo.

Kilichoniokoa ni cherehani yangu, na hapa niacheni nijisifu.

Sidiria utaambiwa uache, ni kweli, hasa zenye waya. Utaambiwa uvae singlendi ya mume. Nikavaa. Jamani, aliyebuni singlendi hakuwa na kwapa. Ina mshono unaoshuka kutoka kwapani mpaka kiunoni, umepigwa ovaloki, nyuzi ngumu, na unapita mlemle ngozi inapochubuka. Nikaigeuza ndani nje, ikasaidia siku moja. Siku ya pili nikaona aibu kwa niaba ya mafundi wote, nikachukua kanga iliyofuliwa mpaka maandishi yamefifia, nikakaa chini.

Upande wa kushoto, mbele na nyuma nilikata kipande kimoja, kitambaa kinazunguka ubavu bila mshono wowote. Mshono upo kulia tu, upande mzima. Tundu la mkono wa kushoto nikalishusha vidole vinne, upindo nikaugeuzia nje. Begani nikaweka vifungo, kwa sababu asubuhi mkono haupandi na kuvaa nguo kwa kichwani ni mateso. Ndani, chini ya ziwa, nikashona kimfuko kirefu cha kuingiza kipande cha kanga kilichokunjwa, ili ziwa lisigusane na mbavu. Kikilowa jasho unakitoa, unaingiza kingine. Nilitembea navyo kwenye mkoba, vingine nikibadilishia hapohapo kwenye benchi nikiwa nimejifunika mtandio. Wajerumani walipojenga hospitali pale ufukweni mwaka 1897 walijua upepo unapita wapi. Nilikuwa nafungua vifungo, naachia kola ya dera, upepo wa bahari unaingia bure.

Binti wa mashine alipoona vifungo vile akaniuliza nimenunua wapi. Kabla ya Ijumaa nilikuwa na oda. Kinamama walileta kanga zao, mimi nikatoza hela ya uzi, mmoja akanilipa kwa samaki. Gharama za matibabu sikuziandika popote. Ninachojua ni kwamba pantoni ni hela ndogo, bajaji ndiyo iliyonimaliza siku ambazo miguu ilikataa.

Maana miguu ilikataa. Uchovu wa mionzi si wa kulala ukaamka umepona. Unarundikana. Kuna siku nilikaa na sindano mkononi nikijaribu kukumbuka nilitaka kuitungia nini. Shangazi yangu akaagiza nilale mchana kutwa, nisiguse kitu. Nililala, nikaamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nesi ndiye aliyenishauri nitembee, nikaona ananidhihaki. Nikaanza na kwenda mpaka msikitini na kurudi, jioni jua likishapoa, kisha nikaongeza mpaka sokoni. Sikupata nguvu za simba, ila usingizi wa usiku ulirudi na mchana nililala kidogo tu. Kukata vitambaa, kazi ya kusimama, nilimwachia kijana wangu wa ofisini. Aliharibu gauni moja la mteja. Ametubu.

Koo lilipoanza kuuma, nilihisi kila tonge lina kokoto. Pilipili na malimao nikayaacha, nikala mtori, uji wa ulezi, maparachichi, samaki wa mchuzi mwepesi.

Mkono nao una mambo. Usipoufanyisha kazi bega linakakamaa, na bega likikakamaa huwezi kulala mkono juu pale kwenye mashine. Nilisimama ukutani, vidole vikipanda polepole mpaka pale vinapogoma, naweka alama kwa chaki ya fundi. Ukuta wa sebule yangu una ngazi ya chaki ambayo wageni hudhani nawapima watoto urefu. Futi yangu ya kupimia nayo ilipata kazi: kwa kuwa nilitolewa tezi, mkono unaweza kujaa maji, basi kila wiki nilipima mikono yote miwili sehemu zilezile, juu na chini ya kiwiko, nikaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, chini ya jina langu. Ukiona mmoja umeuzidi mwenzake kwa sentimita 2 kuliko ulivyokuwa, nenda kaseme. Na mkono ule sikuruhusu upimwe presha wala kudungwa sindano.

Wifi yangu, Mungu ampe maisha marefu, alianza kumzuia mjukuu asinikumbatie, eti nitampa mionzi. Nilimwita tukae. Nikamwambia, wifi, mionzi hii inatoka kwenye mashine, mashine ikizimwa imezimwa, mimi sitoki na kitu. Kama ingekuwa inabaki mwilini, wale mabinti wanaonipanga kila siku wangenishika kwa koleo. Akaniangalia kwa mashaka. Mtoto hakusubiri uamuzi, akanirukia ziwa la kushoto kwa goti. Nililia machozi ya kweli, ila si ya mionzi.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote, na ndilo linaloniudhi zaidi: ngozi ilichacha *baada* ya kumaliza. Nimeagana na watu, nimegawa maandazi, nimerudi nyumbani mshindi, na wiki iliyofuata chini ya ziwa pakafunguka, majimaji yakaanza kutoka. Nikadhani saratani imerudi. Kumbe ndivyo ilivyo, ngozi inaendelea kuathirika siku kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kisha ndipo inageuka na kuanza kupona. Nilirudi kliniki, wakanipa dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na bandeji isiyoganda. Usikubali plasta ya gundi ibandikwe juu ya ngozi ile, itaondoka nayo. Nyumbani nilisafisha kwa maji yaliyochemka yakapoa, nusu lita, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, nayamimina tu, sisugui. Kidonda kingetoa harufu au usaha, au ningepata homa, niliambiwa nisisubiri tarehe ya kliniki. Kwangu kilikauka chenyewe, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nabambuka magamba meusi, chini yake ngozi laini ya pinki ambayo sasa imeshashika rangi.

Ziwa bado huchomachoma mara mojamoja, ghafla, kisha kimya. Nikitoka juani najifunika upande ule. Kwapa la kushoto halioti nywele wala halitoi jasho hadi leo, la kulia linafanya kazi ya mawili. Singlendi zile bado nazishona. Anayetaka alete kanga kuukuu mwenyewe, asiniletee mpya, na aseme mapema ni ziwa gani, maana wiki iliyopita nimekata upande usio wake na mwenye kanga hakucheka.