Nilivyochapisha vifupisho vyangu vyote vya Word

Fundi akikwambia orodha ya AutoCorrect, kile kipengele cha Word kinachobadilisha kifupisho kuwa maneno kamili, haichapishiki, mlipe nauli aende zake. Mimi ninayo karatasini, imebandikwa ukutani.

Kazi yangu ni kuchapa mikataba na nyaraka za kesi, na vifupisho ndivyo vinavyoniweka mjini. Naandika zjmt, nagonga nafasi, inatoka Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Vyote nimevianzisha kwa z ili visigongane na maneno ya kawaida. Kompyuta ilipoanza kuzimika ovyo, nikataka orodha yote kabla haijafa nayo.

Fundi akasema nipige skrinshoti. Kidirisha chenyewe cha AutoCorrect kinaonyesha mistari michache tu, na humo kuna mamia ya makosa ya Kiingereza yaliyokuja na programu! Akaona sijaridhika, akasema, "Basi dada, tuandike upya, mbona rahisi." Akakaa kwenye kiti changu. Akaandika zjmt, akagonga Tab: Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Akafuta, akarudia polepole, kana kwamba Word haitamwona. Jamhuri tena. Akajaribu teh, ikawa the. Ctrl+Z inairudisha, sawa, lakini nani atagonga Ctrl+Z kila mstari? Mwisho akatangaza kuwa mashine ina virusi. Nikammiminia chai, akanywa, akaondoka.

Nikafungua faili tupu la Word, Alt+F11 (hapo ndipo panapoandikwa makro, yaani amri za kuiendesha Word yenyewe), Insert, Module, nikaweka hii:

Sub ChapaVifupisho()
Dim k
For Each k In Application.AutoCorrect.Entries
If Left(k.Name, 1) = "z" Then
ActiveDocument.Content.InsertAfter k.Name & vbTab & k.Value & vbCr
End If
Next
End Sub

F5, na orodha ikamwagika. InsertAfter haipiti njia ya kibodi, kwa hiyo zjmt inabaki zjmt. Ile z yangu nayo ikachuja takataka zote za Kiingereza. Wewe usiye na alama kama hiyo, toa mstari wa If na ule wa End If, uandae karatasi nyingi. Nikageuza maandishi kuwa jedwali, nikaprinti. Gharama ni wino tu.

Usihifadhi makro ndani ya docx, haikai, iweke Normal.dotm, kile kiolezo cha msingi cha Word. Na kama unachotaka ni njia za mkato za kibodi ulizojiwekea, makro ya nini? Nenda File, Print, fungua menyu ya kwanza chini ya Settings, chagua Key Assignments.