Nilivyoondoa ukuta wa seli za hamira kwa vimeng'enya

Nilihitaji DNA ndefu ya hamira, isiyokatikakatika. Ukizivuruga seli kwa shanga za kioo zinafunguka kweli, lakini DNA inatoka vipande vipande. Ikabaki njia ya vimeng'enya: kuuyeyusha ukuta taratibu na kuiacha seli ikiwa nzima ndani ya utando wake.

Ukuta wa Saccharomyces cerevisiae, yaani hamira yenyewe, una tabaka la nje la protini zilizobeba manosi, aina ya sukari, nyingine zikiwa zimeshikana kwa madaraja ya salfa. Ndani yake ndimo ilimo nguvu yenyewe: beta-glukani, minyororo mirefu ya sukari, pamoja na kaitini kidogo. Zymolyase, kimeng'enya kinachotokana na bakteria Arthrobacter luteus, hukata beta-1,3-glukani, aina mojawapo ya glukani hizo. Sasa kama tabaka la nje limeziba, itaifikiaje? Ndiyo maana kwanza niliziloweka seli kwenye bafa (myeyusho unaotuliza pH) yenye DTT, kemikali inayovunja yale madaraja. Wenye haraka huiruka hatua hii. Kwangu mimi ni nusu ya kazi.

Nusu nyingine ni umri wa seli. Nilizivuna zikiwa bado zinagawanyika kwa kasi, kwa sababu zikishamaliza sukari na kutulia, ukuta huwa sugu na kuongeza kimeng'enya hakusaidii sana.

Nilipoisuuza DTT, nilizihamishia seli kwenye myeyusho wa sorbitoli (kemikali ya jamii ya sukari) ya mola 1.2 yenye pH 7.5, nikatia Zymolyase na kuziacha kwenye nyuzijoto 30 zikitikiswa polepole. Bila sorbitoli, maji yangeingia ndani na seli isiyo na ukuta ingepasuka papo hapo.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyonipa kipimo. Kila baada ya muda mfupi nilichukua matone mawili, moja nikalichanganya na sorbitoli, jingine na maji. Chini ya darubini, zile za sorbitoli zilikuwa zimepoteza umbo la yai na kuwa duara kabisa. Za maji zilibaki vivuli vya kijivu. Usomaji wa ukungu wa seli kwenye maji, unaopimwa kwa mwanga wa nanomita 600, uliposhuka hadi kama sehemu ya kumi ya ule wa mwanzo, nikasimamisha. Usiamini saa tu. Kila kundi la seli lina mwendo wake.

Kuanzia hapo ni mkono mwepesi: sentrifuji ya kasi ndogo, ncha za pipeti zilizokatwa ziwe pana, kisha SDS, sabuni ya kufungua utando. Kwenye jeli, inayotenganisha DNA kwa urefu, DNA ilibaki juu karibu na kisima ilikotiwa, mkanda mmoja mnene, bila ule mchirizi wa vipande.