Nilivyoopoa nati za mashua kwa chujio la tambi

Mimi niliyezaliwa Tanga, nikakua nikiwatazama wavuvi wakisukuma ngalawa majini, sikudhani kwamba ipo siku ningesimama kando ya ziwa la Banyoles, Hispania, nikiwa na spana namba 10 mkononi, nimekabidhiwa kazi ya kufungua mashua mbili za watu wanane na kuzipakia kwenye trela. Klabu yetu ya kupiga makasia, iliyoko Uingereza ninakoishi, ilinichagua kwa sababu moja tu: katika kambi ya mwaka uliotangulia ni mimi niliyelalamika kuliko wote kuhusu upakiaji.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho tulipiga mita 2,000 kwa kupimwa muda, katika ziwa lile lile lililotumika kwa mashindano ya makasia ya Olimpiki ya mwaka 1992, na matokeo yetu sitayataja. Dereva wa trela alitaka kuondoka saa nane mchana, kwa kuwa kutoka pale hadi kivuko cha Calais, Ufaransa, cha kuvukia kwenda Uingereza, ni zaidi ya kilomita 1,000.

Mashua ya aina hii ina urefu wa mita 17 hivi, nayo hutenganishwa vipande viwili kwa ajili ya safari. Pembeni ina mikono minane ya chuma inayobeba makasia, na kila mmoja umeshikwa kwa nati kadhaa. Mwanachama mmoja mkongwe, ambaye hajapata kukosea tangu nimfahamu, alinishauri nitumbukize nati na washa zote katika ndoo moja, kwamba tutazichambua nyumbani. Nilimtii. Nusu saa baadaye mtu aliyebeba makasia manne begani aliipiga ndoo teke pale gatini, na nati zikajipenyeza moja moja kati ya mbao hadi majini, huku nikizisikia.

Nilijiona mwerevu. Nilichomoa sumaku kwenye spika mbovu iliyokuwa katika sanduku la vifaa, nikaifunga kamba ya kiatu na kuanza kuvua kama babu yangu. Kwa dakika ishirini nilipata kizibo cha soda na pini ya nywele. Ndipo nahodha wetu, binti mdogo kuliko sisi sote, aliponiuliza kwa upole iwapo nati hizo si za chuma cha pua. Zilikuwa za chuma cha pua, ambacho hakishiki kutu, na aina iliyotumika hapo hainaswi na sumaku hata ukiisomea dua. Maji yalikuwa ya magotini tu. Nilikimbilia jikoni hosteli, nikaazima chujio la tambi, tukachekecha mchanga hadi tukazipata zote isipokuwa nne, ambazo nilizifidia kwa nati za akiba.

Mashua ya pili niliifungua kwa akili yangu mwenyewe: kila nati ilirudishwa papo hapo kwenye bolti yake, ikakazwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ili mtikisiko wa barabara usiilegeze. Tepu iligharimu yuro tatu au nne, sikumbuki. Mikono ya chuma niliiandika namba kuanzia omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, nikaitia tepu nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia, kama taa za meli. Hapa uwe mwangalifu, kwa maana mpiga makasia huketi akiipa omo mgongo, na kushoto kwa mashua ni kulia kwake. Nahodha anayetazama mbele ndiye wa kumuuliza.

Trela liliondoka saa tisa kasorobo, dereva akiwa amenuna, vitambaa vyekundu vikipepea kwenye ncha za mashua. Chujio nililiosha na kulirudisha. Mpishi alilinusa, akanitazama, kisha akalitupa kwenye pipa la taka.