Starta ndefu asubuhi: nimefungua pampu ya mafuta ya IST

Jumamosi ya kwanza

Toyota IST yangu, injini 1NZ, imeanza tabia: asubuhi napiga starta sekunde sita, saba, ndipo inawaka. Ikishawaka haimisi, mlima Kitonga inapanda bila shida, na mchana nikiizima na kuiwasha papo hapo inashika mara moja. Betri ni mpya. Plagi nilizitoa alfajiri kabla ya kuwasha, nikazikuta kavu, hazinuki petroli, kwa hiyo nozeli, zile zinazopuliza petroli kwenye injini, sikuzishuku kwamba zinavuja.

Fundi wa mtaani kwetu alisema, "Kaka, weka pampu nzima na kikapu chake, maisha yaendelee." Kikapu ni fremu inayoishikilia pampu ndani ya tenki. Nikamwomba geji ya presha kwanza.

Nimeiunga kwa kiungo cha T kwenye paipu inayoingia reli ya nozeli, bomba linalozigawia petroli. Injini ikiunguruma, psi 46. Gari hili linatakiwa liwe kati ya 44 na 50, basi kusukuma inasukuma. Nikazima, nikakaa na saa ya simu mkononi. Baada ya dakika 5 inatakiwa ibaki angalau 21. Yangu ilikuwa 6 kabla dakika ya pili haijaisha.

Hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Kwenye injini hii ukifungua swichi tu, pampu haizunguki. Kompyuta husubiri ishara ya starta au ya injini kuzunguka ndipo iamshe relei ya pampu, na injini ikizimika inaikata ndani ya sekunde chache. Ni ulinzi: gari likipata ajali injini ikazimika, pampu haiendelei kumwaga petroli. Lakini ina maana kwamba starta ya asubuhi inategemea presha iliyolala kwenye paipu tangu jana, na anayeilinda ni kivali kidogo kwenye mdomo wa pampu, kinachoruhusu mafuta kwenda na kuyakataza kurudi.

Jumamosi ya pili

Nilichomoa soketi ya pampu, nikawasha injini mpaka ikafa yenyewe ili presha iishe, kisha nikatoa waya wa betri. Tenki robo. Jiko la mkaa la jirani niliomba lihamishwe mbali, nikafanyia kazi uwanjani.

Kifuniko kiko chini ya kiti cha nyuma. Juu ya tenki palikuwa na vumbi jekundu la unene wa kidole, na nililipiga brashi na upepo karibu nusu saa kabla ya kugusa boliti hata moja. Mchanga ukidondokea ndani, umejinunulia tatizo jipya.

Kikapu kinatoka kwa kukiinamisha, mkono wa boya, kielea kinachopima kiasi cha mafuta, usije ukapinda. Chini kabisa kuna soksi, chujio laini linalonyonya kutoka sakafu ya tenki. Kisha mota na gurudumu dogo lenye mapezi linalosukuma petroli juu. Petroli hiyo hupita katikati ya mota yenyewe, kwenye brashi na koili, ikiipoza na kuilainisha. Haishiki moto kwa sababu humo hamna hewa ya kuunguzia. Ndiyo maana kutembea kila siku taa ya mafuta imewaka kunaila pampu: inakosa kitu cha kuipoza. Juu yake kuna filta, halafu regyuleta, kidhibiti cha presha, inayorudisha ziada humohumo tenkini. Hakuna paipu ya kurudi kutoka injini.

Nilinunua mota peke yake. Kabla ya kuifunga nilizisimamisha mbili, ya zamani na mpya, nikadondoshea petroli kwenye midomo yao. Kwenye mpya ilisimama ikimetameta kama machozi kwenye kope. Kwenye ya zamani ilizama polepole, ikabaki duara tupu. Kivali kimeshindiliwa ndani ya pampu, hakibadilishwi peke yake.

Soksi mpya, oringi mpya niliyoipaka petroli kidogo isijikunje, nikafunga boliti kwa kukaza moja na ya mkabala wake.

Jumapili, saa 12 alfajiri

Geji niliilaza imeungwa. Baada ya dakika 5 jana jioni ilisoma 38. Leo starta haikumaliza hata sekunde moja.

Boya bado linacheza chini ya robo. Njia yake ya umeme imelika, nimeiona. Hiyo ndiyo kazi ya Jumamosi ijayo.