Siku moja maishani mwangu: mimi ndiye unayenifokea bando lako likibanwa

Saa 12:45 asubuhi. Kabla simu za wateja hazijafunguliwa, sisi wahudumu wa kampuni ya simu tunapewa robo saa ya maagizo. Msimamizi amesimama mbele na karatasi yake. Leo anasema neno "kufuta" tusilitumie. Kifurushi cha bila kikomo hakijafutwa, kimeboreshwa. Mwenzangu wa kiti cha jirani anakohoa ili asicheke. Mimi naufundisha ulimi: kimeboreshwa, kimeboreshwa.

Saa 1:00. Foleni inafunguka na watu 43 tayari wanasubiri. Saa mbili za kwanza ni zilezile za kila siku: aliyesahau nywila, aliyepoteza laini, aliyekosea PIN mara tatu na sasa anabahatisha PUK, namba ya kuifungua laini (namsihi aache, maana akiikosea mara kumi laini imekufa), na mtoto aliyenipigia kwa bahati mbaya akanipumulia sikioni dakika nzima.

Kwa msioijua kazi hii: kwenye skrini yangu kuna madirisha matatu. La kwanza ni akaunti yako, la pili ni kumbukumbu za kila mhudumu uliyewahi kuongea naye, la tatu ni saa inayohesabu urefu wa simu. Dakika ya sita saa inageuka njano, ya nane inageuka nyekundu, na nyekundu zikizidi naitwa ofisini. Dirisha la kukurudishia kifurushi chako halipo. Watu wanadhani tunalificha.

Saa 3:20. Mzee. Sauti ya taratibu, na hao wa taratibu ndio ninaowaogopa.

"Binti, mna kitu kinaitwa bila kikomo?"

"Tulikuwa nacho, baba. Kimeboreshwa."

"Kimeboreshwaje?"

Nikamsomea. Ukifikisha GB 20 kwa mwezi, spidi inashuka hadi kilobiti 128 kwa sekunde, lakini intaneti haikatiki, unaendelea kufurahia huduma. Hilo la kufurahia limeandikwa, sikulitunga mimi. Nikasikia penseli ikikwaruza karatasi.

"Nimefundisha hesabu maisha yangu yote," akasema. "Kwa spidi hiyo GB moja inachukua zaidi ya masaa 17. Mjukuu wangu anasoma kwa video. Leo ni tarehe 9 na GB 20 zimekwisha. Hizo siku zilizobaki afurahie nini?"

Saa ikawa njano. Nikashika jibu la kwenye karatasi: mnara mmoja unahudumia watu wengi, wachache wakivuta sana wengine wanakosa. Na hili, niseme ukweli, si uongo. Uwezo wa mnara una mwisho wake, na watu wakirudi nyumbani jioni wote wanaungana kwa pamoja. Hapo hata mwenye bando jipya anaona duara likizunguka.

"Sawa," akasema mzee. "Ila mjukuu wangu hupakua masomo saa tisa usiku. Saa hizo anamsonga nani kwenye mnara?"

Karatasi haina jibu la hilo. Nimeipindua mara nyingi, haina. GB ya usiku wa manane inahesabiwa sawasawa na ya saa mbili usiku.

Nyekundu. Mzee ndiyo kwanza anapasha moto. Akanieleza ya Marekani kama anaandika ubaoni: kampuni ya simu ya AT&T waliacha kuwauzia wateja wapya intaneti isiyo na kikomo mwaka 2010, wa zamani wakaachiwa yao, kisha hao hao wa zamani wakaanza kubanwa spidi. Tume ya biashara ya serikali, FTC, ikaishtaki kampuni mwaka 2014, na mwaka 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 60. "Kosa lao halikuwa kubana tu," akasema. "Ni kuita bila kikomo kitu chenye kikomo bila kumweleza mtu sawasawa. Sasa yule binti aliyeniuzia mimi aliniambia, baba, tumia mpaka uchoke."

Nikabonyeza kitufe cha kunyamazisha.

Tumia mpaka uchoke. Hayo ni maneno yangu. Miaka miwili iliyopita nilikuwa upande wa mauzo, na hiyo ndiyo ilikuwa chambo yangu, wenzangu waliniiga. Nikafungua kumbukumbu, nikashuka hadi chini kabisa. Namba ya muuzaji ilikuwa ni ileile iliyoandikwa kwenye kitambulisho kinachoning'inia shingoni mwangu.

Ningeweza kunyamaza. Simu zinarekodiwa, na hakuna agizo la kukiri. Nikabonyeza tena.

"Baba, aliyekuuzia ni mimi."

Penseli ikanyamaza.

"Ulijua?"

"Hapana, baba. Sikujua."

"Na leo unajua nini?"

Sikuwa na la kumjibu, nikakimbilia kwenye msaada. Nikamwambia video ya ubora wa juu hula hadi GB 3 kwa saa, ya kawaida kama GB 1, basi ashushe ubora. Azime video zinazojicheza zenyewe. Picha zisipande kwenye hifadhi ya mtandaoni kila zinapopigwa. Akaandika yote, akinisimamisha nirudie.

"Kwa hiyo," akasema, "dawa ya bila kikomo ni kujiwekea kikomo."

Nikacheka. Naye akacheka, kidogo. Nikamwandikia malalamiko rasmi kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na lile swali la saa tisa usiku, nikampa namba ya kumbukumbu. Dakika 31. Msimamizi alikuwa nyuma yangu, kidole kwenye saa yake ya mkononi.

Kuanzia hapo sina uhakika na saa. Nilikula nikiwa nimesimama. Kuna aliyeniuliza kama nina roho. Kuna aliyetaka mkubwa wangu, nikampa, mkubwa akamwambia maneno yaleyale kwa sauti nene, akaridhika. Mmoja alisoma namba yake ya laini akalia, tukakaa kimya wote wawili hadi njano. Mwingine alitaka kuhamia kampuni nyingine, nami nina karatasi ya kumbembeleza abaki, lakini koo lilikuwa limekauka nikamweleza tu namna ya kuhama na namba yake. Kimeboreshwa nimesema mara ngapi, sijui. Jioni ulimi wenyewe ulikuwa unakisema kabla ya swali.

Kabla ya kutoka tunaoneshwa alama ambazo wateja wametupa kwa ujumbe, 1 hadi 5. Wastani ukishuka chini ya 4, posho inaondoka. Nikaitafuta simu ya saa 3:20.

Alama: 1. Chini yake ameandika: "Hii ni ya kampuni. Binti ana 5."

Mfumo husoma tarakimu ya kwanza tu.